Je, wajua? Muda wa mahali ambapo hukai hupimwaje?

Jioni ukiwa Laitihausi, Mombasa, mhogo wa kuchoma mkononi, toa sarafu ya shilingi 20 usimame chini ya mbuyu mmoja. Irushe. Ikiangukia ndovu, piga hatua moja kuelekea feri. Ikiangukia ngao, hatua moja upande wa pili. Rusha mara 100. Watu watakutazama, wewe endelea.

Kwa wastani utarudi mbuyuni mara 7 hivi. Ukirusha mara 10,000, utarudi kama mara 79. Kurusha kumeongezeka mara mia, kurudi mara kumi na kidogo tu. Sasa fanya hatua ziwe ndogo na za haraka mpaka zisihesabike: huo ni mwendo wa Brown, na jumla ya muda uliokaa mbuyuni hasa ni sifuri, ijapokuwa umerudi mara zisizo na idadi. Paul Lévy, mwanahisabati Mfaransa, aliupimia muda huo ujanja: tazama ukanda mwembamba penye mbuyu, pima muda uliopita humo, gawanya kwa upana wa ukanda, kisha ubane ukanda. Jibu halipotei. Ndio muda wa mahali.

Muda huo una kazi gani? Hapa ndipo panaponifurahisha. Sarafu haina upendeleo, kwa hiyo mchezo ni wa haki. Wenyewe huuita matingeli. Lakini angalia umbali wako na mbuyu. Ukiwa mbali nao, hatua inayofuata huenda ikauongeza au ikaupunguza, sawa kwa sawa. Ukiwa mbuyuni, iwe ndovu iwe ngao, umbali utaongezeka tu. Basi umbali ni mchezo wa haki, ukijumlisha mara ulizoondoka mbuyuni. Katika kurusha 100 utaondoka wastani wa mara 8, na wastani wa umbali wako mwishoni ni hatua 8! Kinachogawika hivyo, haki huku na msukumo kule, huitwa semimatingeli, na kwa mwendo wa Brown msukumo huo ndio muda wa mahali, na mgawanyo wenyewe ni fomula ya Tanaka, mwanahisabati Mjapani.

Tuseme hatua nyingi ni fupi, ila mara moja moja unaruka kutoka Laitihausi hadi Makupa. Huo ni mwendo thabiti, na ukali wa miruko yake hushikwa na namba alfa: 2 ni Brown, na kadiri inavyoshuka ndivyo miruko inavyokuwa mikubwa. Mwaka 1963 mwanahisabati Benoit Mandelbrot aliyapa mabadiliko ya bei za pamba alfa ya karibu 1.7.

Hapa umbali mtupu haufai, kwani mruko unaweza kuuvuka mbuyu bila kuugusa na bado ukausukuma umbali. Pande mbili zikiwa sawa na alfa ikizidi 1, dawa ni kuupandisha umbali kwa kipeo cha alfa toa 1. Msukumo unabaki mbuyuni peke yake. Alfa ikiwa 2, kipeo ni 1, tumerudi kwa Tanaka.

Alfa ikishuka chini ya 1, unatokomea. Ikiwa 1 kamili, utarudi karibu na mbuyu tena na tena, karibu kiasi chochote utakacho, lakini gome lake hutaligusa.