Tangazo la mnada kwenye grupu la sarafu liachwe, ila watu walichambue

Ugomvi huu hauishi. Mtu kaweka picha ya rupia ya Mjerumani, sarafu ya enzi za ukoloni wake huku kwetu, kwenye grupu la wakusanyaji, chini kaandika iko mnadani mwisho Jumapili usiku, basi nusu ya watu wanamuita admini amtoe na nusu nyingine wanauliza bei. Mi kazi yangu ni kukagua na kuthaminisha sarafu za zamani, na msimamo wangu ni kwamba tangazo liachwe, ila likishawekwa watu wawe huru kulichambua palepale mbele ya wote.

Wanaopinga wanasema grupu litageuka soko. Kweli, likiachwa holela hutasikia tena mtu anauliza rupia yenye herufi A na yenye J zilipigwa wapi (A ni Berlin, J ni Hamburg). Lakini tatizo kubwa naliona kwenye adabu zetu wenyewe, mtu akiweka kitu cha kuuza wanaojua wananyamaza, maana kumharibia mwenzio biashara ni noma na ukisema neno unaambiwa una wivu. Yaani pale pale ambapo ujuzi unahitajika ndo kila mtu kafunga mdomo.

Chukua reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria. Imeandikwa 1780 na ilitumika sana Zanzibar na pwani yote, ila yule mama alifariki mwaka huohuo na sarafu yake ikaendelea kupigwa na tarehe ileile, Vienna, baadaye London, hata Bombay, mpaka karne ya 20 huko. Kwa hiyo hiyo "fedha ya karne ya 18" unayoigombania inaweza kuwa umri sawa na babu yako.

Au senti 10 ya tundu ya 1936 yenye jina la Edward VIII, aliyeachia ufalme Desemba mwaka huo. Uingereza sarafu zake hazikuingia mtaani, muuzaji anadaka hilo anaandika "adimu duniani". Sasa za Afrika Mashariki zilikuwa na jina tu bila sura, hazikuhitaji kusubiri picha ya mfalme, zikapigwa mamilioni. Historia tamu, bei ya chai.

Kwenye dhahabu ndo sina utani. Rupia 15 ya tembo ilipigwa Tabora 1916, katikati ya vita, Wajerumani wakiwa wamefungiwa njia ya bahari na pesa hazifiki. Halisi ina gramu 7.17 hivi, dhahabu robo tatu, na feki zake ni kibao. Tangazo la hiyo bila picha ya pande zote mbili na picha ya mzani lifutwe, muuzaji hata awe mzee wa grupu.

Kuna wanaopinga matangazo kwa sababu ambayo hawaisemi, wao wameshaiona sarafu yenyewe mnadani wakaikalia kimya ili waichukue rahisi, sasa mtu kaitangaza bei imepanda. Hao siwaonei huruma, muuzaji naye ana haki ya bei nzuri.

Dau lenyewe lisitajwe ndani ya grupu. Tukishaanza kutaja, washkaji wa muuzaji wanapandisha bei ambayo hawana nia ya kuilipa, na kwenye grupu la watu wanaojuana hilo ni rahisi kuliko mnadani kwenyewe.

Halafu mnada ukiisha muuzaji arudi aseme imeenda kwa shingapi, na aseme kama ni bei ya nyundo, yaani dau la mwisho lililoshinda, au imejumlishwa ada ya mnunuzi, maana nyumba za minada za nje mara nyingi zinaongeza asilimia 20 au zaidi juu. Asiyerudi na bei, tangazo lake la pili lisipite.