Tiba ya sumaku kwa sonona: mambo ambayo mgonjwa hapaswi kutuficha

Malalamiko kuhusu tiba ya sumaku, yaani mipigo ya sumaku inayoelekezwa kwenye ubongo kutibu sonona, kwa wagonjwa wa nje yanaongezeka, na mengi ni ya aina mbili. Wapo wanaosema wamerudishwa siku ya kwanza bila sababu, na wapo waliokosa siku kadhaa kisha wakasema tiba haina maana. Wote wangesaidika kama wangeujua utaratibu kabla ya kuanza.

Tuliweke sawa kwanza jambo ambalo bado linarudiwa kila mahali: hii si tiba ya kupigwa shoti. Tiba ya umeme, ambayo ni halali na imeokoa maisha ya wengi, hufanyika chini ya nusukaputi na hukusudia kuamsha degedege fupi linalosimamiwa na madaktari. Tiba ya sumaku hufanyika ukiwa macho, umeketi, na ukimaliza unaondoka kwa miguu yako. Mtafiti Anthony Barker na wenzake walionyesha mbinu ya kuchochea ubongo kwa sumaku huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, na Marekani ikairuhusu kwa sonona mwaka 2008. Haifuti kumbukumbu wala haibadilishi mtu kuwa mwingine. Kwa kawaida hutolewa kwa mgonjwa ambaye dawa hazijamsaidia vya kutosha.

Sasa fomu ya maswali unayojaza kabla ya kuanza. Tunapouliza kama una chuma kichwani, hatuulizi kwa udadisi. Kifaa cha usikivu kilichopandikizwa sikioni, klipu kwenye mshipa wa ubongo, kipande cha risasi au cha chuma karibu na jicho: sumaku inaweza kukisogeza, kukipasha joto au kukiharibu. Hiyo ndiyo "sababu" ya wengi waliorudishwa. Kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo nacho kitajwe. Meno yaliyozibwa kwa kawaida hayana shida. Hereni, simu na kadi za benki ziache mbali na kiti.

Siku ya kwanza daktari hupima kiwango chako, yaani nguvu ndogo kabisa ya sumaku inayoamsha ubongo wako. Huweka koili, yaani waya uliozungushwa unaotoa mipigo ya sumaku, upande wa kushoto wa kichwa, juu ya sehemu inayotawala mkono wa kulia, na kupandisha nguvu kidogo kidogo hadi kidole gumba kitikisike chenyewe. Kikitikisika mara 5 katika mipigo 10, kiwango kimepatikana. Kisha koili husogezwa mbele, na tiba mara nyingi hutolewa kwa asilimia 120 ya kiwango hicho. Ukikesha, ukinywa pombe au kuiacha ghafla, au ukibadilisha dawa, ubongo wako haupo tena pale tulipoupima. Ndiyo maana tunakuuliza maswali yaleyale kila siku, na ndiyo maana jibu la "hakuna kilichobadilika" linalotolewa kwa haraka linatutia wasiwasi. Degedege ni nadra sana, chini ya mgonjwa 1 kati ya 1,000, lakini unadra huo unategemea majibu ya kweli.

Madhara ya kawaida ni kuumwa kichwa, maumivu ya ngozi pale koili inapogonga, na misuli ya uso kucheza. Mashine hugonga kwa sauti kali, hivyo vizibo vya masikio ni lazima, si hiari.

Mahudhurio ni siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Kipindi kinaweza kuchukua dakika 37 au dakika 3, kutegemea aina ya mipigo. Aliyepewa dakika 3 hajapunjwa: utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa njia hiyo fupi haizidiwi na ile ndefu. Ukikosa siku moja, toa taarifa tuipange upya. Ukikosa nyingi mfululizo, huenda tukalazimika kupima upya, na nafasi yako ikapewa anayesubiri.

Wengi huanza kuona nafuu wiki ya tatu au ya nne, na wapo ambao hawapati nafuu kabisa. Takriban nusu hupata unafuu wa maana. Usiache dawa zako kwa sababu umeanza sumaku. Daktari wako ndiye wa kuamua.

Tiba hii huenda polepole. Ukijiwa na mawazo ya kujiua, usisubiri kipindi cha kesho: mwambie mtu aliye karibu nawe na nenda idara ya dharura saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.