Manusura wa saratani: maana ya neno, na hisani inaingia wapi

Mwaka 1996 Irve Le Moyne, afisa wa ngazi ya juu katika jeshi la majini la Marekani, alikuwa akitibiwa kwa mionzi katika hospitali ya MD Anderson, Houston. Alipokaribia kumaliza alikuja na kengele ya shaba, akaigonga, akaiacha palepale hospitalini. Ni desturi ya mabaharia: kazi ikiisha, kengele hulia. Leo kengele za namna hiyo zimetundikwa katika hospitali nyingi duniani. Mgonjwa akimaliza dripu ya mwisho anavuta kamba, wauguzi wanapiga makofi, ndugu wanachukua video. Kisha anakwenda nyumbani.

Asubuhi inayofuata hana pa kwenda. Kwa miezi kadhaa maisha yake yalipangwa na kliniki: leo damu, kesho dawa, keshokutwa picha. Sasa ameambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Ndugu waliokuwa wakipokezana zamu wamerejea kwenye shughuli zao, maana kengele si imelia? Yeye anaamka amechoka kama mtu aliyelima usiku kucha. Vidole vina ganzi. Mgongo ukimuuma kidogo tu, usingizi unapaa: isije ikawa imerudi. Ukimuuliza kama amepona, hajui akujibu nini.

Mtu huyu ndiye tunayemwita manusura wa saratani, na nadhani neno lenyewe ni sehemu ya tatizo. Manusura tumezoea kumsikia kwenye habari za ajali. Meli imezama, manusura wamefikishwa nchi kavu. Aliyenusurika ni aliyeponea chupuchupu: jambo limetokea, limepita, yeye kabaki hai. Tukilihamisha neno hilo kwenye saratani tunalihamisha na wazo lake, kwamba mambo yamekwisha. Ndiyo maana watu humpongeza, halafu humshangaa akisema bado hayuko sawa.

Kwa wanaofanya kazi ya saratani neno lina maana pana zaidi. Mtu ni manusura tangu siku anapoambiwa ana saratani hadi mwisho wa maisha yake. Fasili hii ilisambazwa na chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1986, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa daktari Fitzhugh Mullan. Mullan hakuyajua haya kwa kusoma tu. Mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 32, aliona uvimbe kwenye picha ya eksirei ya kifua, na kifua chenyewe kilikuwa chake. Miaka kumi baadaye aliandika makala katika jarida la kitabibu akieleza kwamba kunusurika si tukio la siku moja, ni misimu. Kuna msimu wa kupigania uhai, wa vipimo na dawa kali. Kuna msimu wa kungoja, matibabu yamekwisha lakini mwili bado dhaifu na hofu ingali mbichi. Kisha huja msimu mrefu, uwezekano wa ugonjwa kurudi umepungua ila makovu, kazi, bima na uzazi vinadai majibu. Katika makala hiyo aliwalaumu madaktari wenzake kwamba wamebobea kumtoa mtu majini anapozama, kisha wanamwacha gatini akikohoa maji peke yake. Mullan mwenyewe alifariki mwaka 2019, miaka 44 baada ya eksirei ile.

Si kila mgonjwa analipenda neno hili. Aliye na saratani iliyosambaa, atakayemeza dawa maisha yake yote, hana siku ya kuvuta kamba ya kengele, na kuisikia ikilia kila wiki ukiwa umekaa kwenye kiti cha dripu si jambo jepesi. Wengine husema tu "naishi na saratani". Wengine hujiita mashujaa. Wapo wasiotaka jina lolote, na hiyo ni haki yao. Kwa idadi, ni umati mkubwa: makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yalionyesha watu wapatao milioni 53.5 walio hai ndani ya miaka 5 tangu kugunduliwa na saratani. Hapo hatujawahesabu waliovuka miaka hiyo.

Sasa, kinachobaki baada ya matibabu ni nini hasa? Uchovu ni wa kwanza, na si ule wa kulala ukaisha. Ganzi ya vidole hutokana na baadhi ya dawa za tibakemikali (kemotherapi) zinazoumiza mishipa ya fahamu. Kufunga kifungo cha shati kunachukua dakika nzima, na mtu anaweza kushika kikombe cha moto asitambue kinamuunguza. Aliyeondolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya titi anaweza kuvimba mkono, kwa kuwa majimaji ya mwili yamepoteza njia yake. Uvimbe huo unaweza kujitokeza miaka baadaye, na dalili ya kwanza mara nyingi ni ndogo: pete haipiti, mkono wa blauzi unabana upande mmoja. Mionzi ya shingoni hukausha mate na inaweza kudhoofisha tezi ya shingo. Doksorubisini, ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa wengi huikumbuka kwa rangi yake, inaweza kuudhoofisha moyo muda mrefu baada ya dripu kutolewa. Hedhi inaweza kukoma kabla ya wakati, uwezo wa kuzaa ukapotea. Kumbukumbu nayo inateleza: unaingia chumbani na kusahau ulichofuata, unasoma ukurasa mmoja mara tatu.

Mambo haya yana tiba, au angalau yana namna ya kupunguzwa. Tatizo ni kwamba daktari wa saratani ana foleni ya wagonjwa wapya mlangoni, na daktari wa kawaida hajui mwenzake alitumia dawa gani. Kati ya milango hiyo miwili ndipo mtu anapoangukia, na hapo ndipo msaada wa hisani ulipojijengea nyumba.

Hisani, kwa maana yake ya asili, ni wema usiodai malipo. Shirika la hisani la saratani ni lile linalokusanya michango na muda wa watu wanaojitolea, kisha likavigeuza kuwa huduma ambazo hospitali haina nafasi nazo. Si jambo la juzi. Mwaka 1911 Mwingereza Douglas Macmillan alimwona baba yake akifa kwa saratani, akaanzisha chama ambacho jina lake la kwanza lilitaja mambo mawili: kuzuia saratani na kuwapunguzia wagonjwa mateso. Mwaka 1952 Mmarekani Terese Lasser aliondolewa titi, akagundua hakuna aliyemwambia ataishije baada ya hapo. Akaanza kuwatembelea wanawake wodini akiwa na titi bandia la muda, mpira na kamba ya kufanyia mazoezi ya mkono. Baadhi ya madaktari walimwona kama msumbufu. Kazi yake baadaye ilichukuliwa na chama kikubwa cha saratani cha nchi hiyo na ikavuka mipaka. Naye Maggie Keswick Jencks, huko Uskoti, aliambiwa saratani yake imerudi na hana muda mrefu, kisha akaombwa akaketi kwenye korido isiyo na dirisha, maana kuna mgonjwa mwingine anasubiri. Kabla hajafariki mwaka 1995 alichora picha ya mahali tofauti kabisa, jirani na hospitali, penye mwanga na meza ya jikoni ambapo mtu yeyote anaweza kuketi bila miadi. Kituo cha kwanza kilifunguliwa mwaka uliofuata mjini Edinburgh, katika banda la zamani la farasi lililokarabatiwa.

Utaona kuwa watu hao watatu hawakuanza na tiba mpya. Walianza na kitu walichokikosa.

Msaada wa hisani kwenye saratani huenda kwenye mafungu ambayo mara nyingi yanachanganywa, basi tuyatenganishe. Uelewa ni kumfanya mtu ajue: dalili zipi zisipuuzwe, vipimo vipi vipo, na kwamba saratani haiambukizwi kwa kula sahani moja. Kinga ni kuzuia isitokee kabisa. Uchunguzi wa mapema ni kuitafuta kwa mtu asiye na dalili. Halafu kuna matunzo ya baada ya matibabu, ndugu maskini wa familia hii.

Uelewa ndio unaopendwa na kamera. Utepe wa rangi ya waridi, ile alama ya saratani ya titi, fulana, matembezi ya asubuhi, majengo yanayowashwa taa za rangi. Sibezi, kwani kuna watu waliojipapasa na kukuta kivimbe baada ya kuona tangazo. Lakini uelewa usiomfikisha mtu kwenye mlango wa kliniki ni kama kumpigia mtu hodi usiku na kukimbia. Kama shirika limewafundisha wanawake elfu moja kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, swali la maana ni wangapi walipimwa, na waliokutwa na tatizo walitibiwa wapi.

Kwenye kinga hesabu ziko wazi zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zinaweza kuzuilika kwa tunayoyajua tayari: kuachana na tumbaku, kupunguza pombe, kudhibiti uzito, kujikinga na maambukizi yanayosababisha saratani. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hulinda ini. Chanjo ya virusi vya HPV hulinda mlango wa kizazi, na shabaha ya dunia kufikia mwaka 2030 ni kwamba asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika wanapofika miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo wapate matibabu. Serikali ndizo zenye chanjo. Kinachofanywa na hisani ni kazi ya miguu: kukaa na wazazi wenye wasiwasi, kulipa nauli, kumsindikiza anayeogopa kitanda cha vipimo.

Kinga haimwachi manusura nyuma pia, jambo ambalo watu wengi hulisahau. Aliyewahi kuugua anaweza kupata saratani nyingine isiyohusiana na ile ya kwanza, hivyo kumsaidia aache sigara ni matunzo kama dawa. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu 889 waliomaliza matibabu ya saratani ya utumbo mpana. Waliowekewa mpango wa mazoezi kwa miaka 3, wakiwa na mtu wa kuwafuatilia, walirudiwa na ugonjwa kwa uchache kuliko waliopewa kijitabu cha ushauri. Yaani tofauti kati ya makundi hayo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa binadamu anayekuuliza wiki hii umetembea mara ngapi. Kazi kama hiyo hisani inaiweza.

Yapo na mambo yasiyo ya mwili. Mwajiri anayekupa kazi nyepesi bila kukuuliza. Bima inayokukumbuka kwa ugonjwa wa zamani. Ufaransa, baada ya vyama vya wagonjwa kulipigia kelele suala hili, ilipitisha sheria mwaka 2016 iliyompa aliyetibiwa haki ya kutotaja saratani yake anapoomba bima ya mkopo, miaka 10 ikipita tangu matibabu kwisha. Mwaka 2022 muda huo ulipunguzwa kuwa miaka 5. Wafaransa wanaiita haki ya kusahauliwa.

Ukitaka kulipima shirika, angalia kama linamsaidia mtu kupata waraka wa matibabu yake: aina ya saratani, dawa na dozi zake, sehemu zilizopigwa mionzi, dalili za kuripoti haraka, ratiba ya vipimo vijavyo. Karatasi mbili zinatosha. Aliyetibiwa saratani ya damu akiwa na miaka 6 huenda, akiwa na miaka 30, hajui kwamba alipewa ile dawa nyekundu, na daktari wake wa moyo hana wa kumuuliza. Na shirika linalouza dawa ya maajabu, au linalomwambia mtu aache vidonge alivyoandikiwa, likimbie.

Hata hivyo, huduma ambayo hospitali haiwezi kuinunua ni mwenzako aliyekutangulia. Chukua zoezi la ukutani kwa aliyepasuliwa titi. Unasimama ukiutazama ukuta, unaweka vidole, unavipandisha kidogokidogo kama buibui mpaka ngozi ya kwapa inapokaza, kisha unaweka alama ya penseli. Kijikaratasi cha hospitali kinaeleza hivyohivyo. Ila anayejitolea anasimama pembeni yako, blauzi yake ikificha kovu kama lako, mkono wake umenyooka hadi juu. Unafika usawa wa bega na kusimama, machozi yanakulenga. Naye anaangalia alama yako. "Usikazane, mwenzangu," anasema. "Mimi hapo palinichukua wiki tano, na nililia."