Kwa nini mausi iliganda modemu ilipoanza kupiga simu?

Mwenye kompyuta ya miaka ya 1990 iliyofungwa modemu ya ndani, kadi ya kuunganisha kompyuta na mtandao kwa laini ya simu, huenda aliyaona haya. Mausi iko sawa, modemu iko sawa, lakini ukiamuru ipige simu tu, kishale kinaganda palepale. Hata ungekimbia Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, ukanunua mausi nyingine, nayo ingeganda. Hakuna kilichoharibika, vifaa viwili vilikuwa vimepewa laini moja ya kuiitia prosesa.

Laini hizo huitwa IRQ. Herufi ikifika kwenye poti, laini inapandishwa umeme, prosesa inaacha kazi yake, inaichukua, kisha inaendelea ilipoishia. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na laini 8 tu. Namba 0 ni ya saa, 1 ya kibodi, 6 ya disketi, 7 ya printa. Poti za siriali, zile zilizotumiwa na mausi na modemu, zilipata mbili: COM1 ikachukua 4, COM2 ikachukua 3. Poti zilipoongezeka, COM3 ikarundikwa juu ya 4 na COM4 juu ya 3. Mausi ikikaa COM1 na modemu COM3, ugomvi ni lazima, ila hautokei mpaka zote mbili zitumike kwa pamoja. Ndiyo maana ulisumbua vichwa.

Kwani haziwezi kugawana? Kwenye nafasi za kadi za ISA, aina iliyotumika enzi hizo, kinachohesabiwa ni ule mpando wa umeme. Ni kama kengele ya geti: jirani akiwa ameshikilia kitufe, wewe ukibonyeza hakuna mlio mpya. Isitoshe, programu ya modemu ilizoea kuishika laini nzima kana kwamba ni mali yake.

Dawa ilikuwa jampa, vile vikofia vidogo vya plastiki juu ya kadi. Unakichomoa, unakihamishia laini ya 5. Sawa, ila hapo mara nyingi kadi ya sauti ilishakaa! IBM AT ya mwaka 1984 ilileta laini zaidi, lakini kadi fupi za biti 8 hazikuzifikia nyingi kati ya hizo. Wajanja waliingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, wakaizima COM2 isiyotumika, wakaipa modemu nafasi yake.

Kadi za PCI, aina mpya iliyochukua nafasi ya ISA, zilikuja na laini zinazogawanika, na mausi ikahamia USB. Lakini kwenye kompyuta ya mezani yenye poti ya siriali hadi leo, COM1 kwa kawaida bado utaikuta kwenye IRQ 4.