Kijiti Kinachotembea Si Kiwavijeshi: Dhana Potofu Kuhusu Nondo wa Kujificha

“Kila kiwavi ni kiwavijeshi.” Kwetu Nyanda za Juu Kusini hii ndiyo dhana inayogharimu zaidi. Tangu viwavijeshi vamizi, wale wanaotafuna mahindi, waripotiwe Tanzania mwaka 2017, kiwavi yeyote akionekana shambani, pampu inapanda mgongoni. Lakini kwenye kahawa ya Mbozi au miti ya Rungwe unaweza kukutana na viwavi wa Geometridae, familia ya nondo yenye spishi zaidi ya 20,000 duniani, ambayo ni tofauti kabisa na ya viwavijeshi.

Hesabu miguu. Wote wana jozi tatu kifuani. Nyuma ya hapo kiwavijeshi ana jozi tano za miguu minene ya nyama, ila huyu wa Geometridae kwa kawaida ana mbili tu, tena zote upande wa mkiani. Katikati hana kitu, ndiyo maana huukunja mgongo, akavuta mkia hadi karibu na kifua, kisha akajinyoosha, kama fundi anayepima kitambaa kwa shubiri.

Jozi hizo mbili ndizo zinazomfanya kijiti. Hung’ang’ania tawi kwa mkia, akainua mwili mzima mshazari na kuganda. Mara nyingi uzi mwembamba wa hariri kutoka mdomoni humshikilia asianguke. Hata vinundu vya mgongoni hufanana na macho ya tawi.

Wapo waharibifu kati yao, nami sikatai. Kiwavi wa Ascotis hutafuna majani ya mibuni. Ila Kenya, katika karne iliyopita, dawa ya parathioni iliyopigwa kwenye kahawa iliua nyigu wadogo wanaowashambulia viwavi hao, na viwavi wakazidi. Tambua kwanza, ndipo uamue kupiga dawa.

“Nondo hubadili rangi kama kinyonga.” Nondo aliyekomaa hawezi: rangi anayotoka nayo kwenye pupa ndiyo atakayokufa nayo. Uingereza, nondo mweusi wa Biston betularia, spishi ya familia hii ambayo kwa kawaida ni nyeupe, alirekodiwa Manchester mwaka 1848. Masizi ya viwanda yalipotia magome weusi, ndege waliwaona weupe kirahisi na kuwala, weusi wakabaki kuzaa. Hewa iliposafishwa, weupe wakarudi kuwa wengi. Anayegeuka rangi ni kiwavi wa spishi hiyohiyo, naye huchukua siku kadhaa kufuata rangi ya kijiti chake. Watafiti walimziba macho, akageuka vilevile, maana ngozi yake huhisi rangi. Hilo linanistaajabisha kila ninapolifikiria.

“Akishatua, amejificha.” Bado ana kazi. Watafiti wa Korea Kusini waliona nondo wa familia hii wakitua kwenye gome, kisha wakitembea na kujigeuza hadi michoro ya mabawa ilingane na mifereji ya gome.

“Nondo hutoboa masweta.” Wanaotoboa ni viwavi wa familia nyingine. Viwavi wa Geometridae kwa kawaida hula majani na maua, isipokuwa baadhi ya jamaa zao wa Hawaii, ambao husimama kama vijiti na kunasa nzi wanaowagusa.

Na ule “unga wa kupofusha” unaobaki vidoleni ukimshika? Ni magamba madogo ya mabawa, yaleyale yanayochora gome mgongoni mwake. Hayapofushi mtu, ila akiyapoteza, hayaoti tena.