Lenzi za Zamani Ninazozichagua kwa Jua la Dodoma

Wanaotaka ushauri wangu kuhusu lenzi za zamani za kulenga kwa mkono huuliza kwanza ni ipi yenye tundu (mlango wa mwanga) pana zaidi. Hapa Dodoma, ambako jua la mchana huakisiwa na vumbi jekundu na majabali, mimi hutanguliza utando uliopakwa juu ya vioo ili kupunguza miakisiko. Mwanga mkali ukiingia kutoka pembeni na kurukaruka ndani ya lenzi, rangi hufifia na weusi hugeuka kijivu, hata kama lenzi ina tundu pana la f/1.4.

Kwa sababu hiyo, ninayoipenda kuliko zote ni Super-Multi-Coated Takumar ya milimita 55, f/1.8, kutoka kampuni ya Asahi ya Japani, iliyo katika kizazi cha mwaka 1971 na kuendelea, kilichopakwa tabaka nyingi za utando. Pete yake ya kulengea ni laini mno, na huniwezesha kulifuata jicho la mcheza ngoma wa Kigogo bila kulipoteza. Takumar za milimita 50, f/1.4, nyingi zina thoriamu, metali yenye mnururisho, kwenye kioo, kwa hiyo hugeuka manjano zinapozeeka. Miale ya urujuanimno huiondoa rangi hiyo, nasi jua tunalo la kutosha. Ila funika upande mmoja wa lenzi kwa karatasi ya alumini na usiiache lenzi karibu na kitu kinachoshika moto, kwani lenzi hukusanya miale.

Helios 44-2 ya Kisovieti, milimita 58, f/2, iliyotokana na Biotar ya Carl Zeiss Jena, naitumia asubuhi katika mashamba ya zabibu, kwa kuwa majani yaliyo nyuma huonekana kama yanamzunguka anayepigwa picha. Mchana haifai bila kikinga jua.

Kwa michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, sibadilishi Micro-Nikkor ya milimita 55, f/3.5. Taswira yake kwenye filamu hufikia nusu ya ukubwa halisi wa kitu, na mistari myembamba ya rangi nyekundu hubaki wazi hadi kwenye pembe za picha.

Lenzi iliyotumika ikitoka pwani, imulike kwa tochi utafute nyuzi za kuvu, maana unyevu wa kule huzikuza. Iliyokaa huku kwetu, zungusha pete polepole usikilize mchanga. Kagua pia mafuta kwenye vibamba vya tundu.

Mwisho ni adapta, yaani pete ya kuunganisha lenzi na kamera ya aina nyingine. Lenzi za skrubu ya M42, kama Takumar na Helios hizo, hukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, ilhali kamera za Nikon F huhitaji 46.5; kwa hiyo ukiziunganisha bila kioo cha ziada, hutalenga milima ya mbali. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi, kama Sony E yenye umbali wa milimita 18 tu, huzipokea zote bila shida.