Kosa Huonekana Likiwa Bado Mkononi

Nimefundisha hisabati katika shule za sekondari hapa Tanzania kwa miaka 16, na wazazi wameniuliza mara nyingi kama bado kuna haja ya mtoto kuamka alfajiri kuwahi darasa lenye wanafunzi 60, ilhali somo lilelile, tena likiwa na picha zinazotembea, linapatikana kwenye simu iliyo mezani kwao. Swali hilo ni la haki kabisa, na jibu langu limetokana zaidi na yale niliyoyaona mwaka 2020.

Shule zilifungwa tarehe 17 Machi mwaka huo kwa sababu ya korona. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Kwanza walikuwa wametimiza miezi miwili tu tangu watoke shule za msingi, ambako wengi wao walijifunza hisabati kwa Kiswahili, na kuingia sekondari, ambako somo hilohilo hufundishwa kwa Kiingereza. Nilituma maswali kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na majibu yalirudi yamepigwa picha, yakiwa na mwandiko safi na karibu yote sahihi, nami nikaridhika. Waliporejea mwishoni mwa Juni niliandika ubaoni 1/2 + 1/3, kisha nikaanza kupita katikati ya madawati.

Binti mmoja wa dawati la tatu alijumlisha za juu kwa za juu na za chini kwa za chini, akapata 2/5. Kabla sijasema neno alisita, akafunika daftari kwa kiganja. Kusita kule ndiko nilikokukosa kwa miezi mitatu. Nilichukua karatasi, nikaikunja katikati, nikamwuliza kipi ni kikubwa: ile nusu aliyoanza nayo, au hiyo 2/5 aliyoipata baada ya kuiongezea theluthi. Aliitazama karatasi kwa muda, halafu akasema taratibu, kwa Kiswahili, “Mwalimu, nimeongeza halafu imepungua.” Jirani yake, ambaye alikuwa na jibu hilohilo, alianza kufuta la kwake bila kuambiwa. Tulipofika kwenye kutafuta asili ya pamoja, kijana mmoja wa nyuma akauliza, “Kumbe ni ile KDS?” Alikuwa anaijua vizuri Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 2 na kwa 3, tangu shule ya msingi; kilichomfungia mlango ni jina lake jipya la Kiingereza.

Programu ya kujifunzia hupokea jibu likiwa limekwisha kuandikwa. Zipo programu nzuri zinazotambua makosa yaliyozoeleka na kumrudisha mwanafunzi hatua moja nyuma, nami huzipendekeza kwa wanaohitaji mazoezi mengi, lakini penseli iliyosimama katikati ya mstari haiachi alama yoyote kwenye kioo. Vilevile kila mwalimu anaujua ule mwitikio wa “Ndiyooo” unaofuata swali la “Mmeelewa?”, na aliyekaa darasani vya kutosha husikia sauti zinazochelewa, kisha akajua ni safu ipi aiendee kwanza.

Siwezi kulitetea kila darasa. Mwalimu anayejaza ubao kwa dakika 80 za vipindi viwili huku wanafunzi wakinakili hawapi chochote ambacho video isingewapa, na video angalau inaweza kurudiwa. Aidha, katika darasa la watu 60 siwaoni wote kwa siku moja. Hugawa safu, leo mbili za dirishani, kesho za katikati, na wapo wanaonipita. Hilo huniumiza kila muhula.

Walimu wengi tulipokea vishikwambi vilivyokuwa vimetumika katika Sensa ya Agosti 2022, nami changu nakitumia kila wiki, hasa kwa grafu na maumbo ya vipimo vitatu, kama mchemraba, ambayo zamani yalinila nusu ya kipindi nikiyachora kwa chaki. Muda ninaouokoa hapo nautumia kutembea katikati ya madawati. Kwa hiyo kila muhula unapoanza, ombi langu la kwanza kwa uongozi wa shule ni kwamba madawati yapangwe kwa namna itakayoniachia njia ya kupita hadi kwa mwanafunzi aliyekaa ukutani, nyuma kabisa.